Utafiti wa malighafi za betri: jibu kwa kijana wa Kasulu

Habari zenu wakuu.

Juzi kuna kijana ameleta uzi hapa. Yuko Kasulu, amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na anasubiri matokeo. Anauliza mambo matatu: Mtanzania anaweza kuwa mtafiti wa malighafi za betri na akaishi kwa kazi hiyo? Kazi yenyewe ya kila siku ikoje? Na hii miezi ya kusubiri afanye nini? Mchangiaji wa kwanza kamjibu kwamba betri ni za Wachina, aombe ualimu. Wa pili kasema tuna chumvi Uvinza na kinywe (yaani grafaiti) Mahenge, kwa hiyo tuna kila kitu, tunachosubiri ni serikali kuamka tu. Wote wawili siwaungi mkono. Nimekuwa kwenye kazi hii tangu 2014, na leo niko Mwanga, hapa Kigoma mjini, nyumbani kwa mama, mvua inanyesha tangu asubuhi, kwa hiyo nimekaa chini nijibu kwa kirefu. Mtanivumilia.

Mdogo wangu, nianze na nilikoanzia mimi, maana swali lako la kwanza jibu lake liko huko.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha kuchaji betri pale Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, hatua chache kutoka zinapoegesha boti za Mtanga, Mwamgongo na Kagunga. Miaka hiyo Kigoma ilikuwa haijaungwa na gridi ya Taifa. Umeme wa mjini ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na vijiji vya kaskazini mwa ziwa havikuwa na umeme kabisa. Mtu akitaka redio, au televisheni ya kuangalia mpira, ananunua betri ya gari, N50 au N70, na ikiisha chaji anaipakia kwenye boti anamletea mjomba. Nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kuzipanga chini, kuandika jina la mwenye betri kwa chaki na kufungua vile vifuniko sita vya juu.

Mjomba alikuwa na bomba la kioo lenye mpira wa kubinya kwa juu na kielea ndani yake. Analitumbukiza kwenye tundu la kwanza, ananyonya asidi, anatazama kielea kimesimama wapi, anairudisha, anahamia tundu la pili. Matundu matano kielea kinasimama juu, la sita kinazama. Hapo anainuka na kumwambia mwenyewe: ya sita imekufa. Mteja anabisha, mbona jana taa iliwaka. Mjomba anachomeka mita, inasoma volti 10.5. Betri nzima iliyochajiwa ikapumzika inasoma 12.6 au zaidi kidogo, kwa sababu ndani yake kuna seli sita na kila moja inatoa volti mbili na kitu. Ikifa moja, unabaki na kumi na nusu. Mtoto wa darasa la sita niliyaona hayo kila siku, hesabu na kitu chenyewe vikiwa mbele yangu, kabla mwalimu yeyote hajaniandikia ubaoni.

Kulikuwa na betri nyingine ambazo seli zake zote zilikuwa dhaifu kwa pamoja. Hizo mjomba alikuwa akisema “zimelala njaa.” Maana yake mwenye betri aliitumia mpaka ikakauka chaji, kisha akaiacha hivyohivyo wiki mbili tatu kwa kukosa nauli ya boti. Ukiichaji, inapokea kidogo tu, na jioni imekwisha. Mjomba hakuwa na maelezo zaidi ya hayo, ila hakuwahi kukosea.

Maelezo niliyapata mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Betri ya asidi inapotoa chaji, mabamba yake ya risasi yanajivika chumvi inayoitwa salfeti ya risasi. Ikiwa bado changa, fuwele zake ni ndogo mno, na ukichaji zinayeyuka na kurudi zilikotoka. Ukiiacha betri bila chaji, fuwele ndogo zinajikusanya kuwa kubwa na ngumu, na hizo chaja haizirudishi tena kwa urahisi. Njaa aliyokuwa akiisema mjomba ndiyo hiyo. Usiku uleule nilimpigia simu nikamsomea ukurasa mzima, nikitafsiri mstari kwa mstari. Akaniuliza swali moja: sasa kuna betri ambayo inaweza kulala njaa isife? Sikuwa na jibu. Limenichukua zaidi ya miaka kumi kulirudia swali lile, na nitalieleza huko chini.

Kuhusu masomo nipite haraka. Shahada ya kwanza niliifanya kwenye kemia, uzamili nikaufanya hapahapa nchini kwenye sayansi ya malighafi, udaktari nikaufanya Ujerumani kwa ufadhili, nikarudi. Sasa nafundisha na kufanya utafiti hapa nchini. Hakuna njia moja. Nimefanya kazi na waliotoka fizikia, uhandisi wa kemikali, hata mmoja aliyetoka jiolojia.

Sasa niseme neno kwa aliyesema betri ni za Wachina. Viwanda vikubwa viko kwao, hilo halina ubishi. Elimu yenyewe imetoka pengi. Stanley Whittingham alionyesha miaka ya 1970 kwamba ayoni (chembe zenye chaji) za lithiamu zinaweza kujipenyeza kati ya matabaka ya kitu kigumu na kutoka bila kukibomoa. John Goodenough na wenzake, Oxford, mwaka 1980, wakapata oksidi ya kobalti inayofanya hivyo kwa volti kubwa. Akira Yoshino wa Japani akaunda betri kamili mwaka 1985, Sony wakaiingiza sokoni 1991, na watatu hao wakapewa Nobeli ya kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97. Siku ile nilikuwa maabara, na kazi zote zilisimama.

Lakini ule upande wa pili wa betri, ule wa kinywe uliomo kwenye karibu kila simu iliyo mikononi mwenu, aliyeonyesha kwamba lithiamu inaingia na kutoka humo ni Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez, Moroko, akiwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1980. Kabla yake watu walikwishajaribu, kinywe kikawa kinabanduka matabaka na kuharibika, wakakikataa. Yazami akabadilisha elektroliti, yaani kile kinachopitisha ayoni kati ya pande mbili za betri: akaacha ile ya majimaji akatumia ya polima, ngumu. Kinywe kikatulia. Kumbe hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwa jirani yake. Kisa hiki huwa nawapa wanafunzi wangu wiki ya kwanza, kwa sababu ndani ya betri hakuna kitu kinachoharibika peke yake. Na hapo Pretoria, Afrika Kusini, Michael Thackeray alikuwa akichunguza oksidi za chuma na manganizi, akaenda nazo kwa Goodenough kule Oxford, na kutokana na kazi ile tukapata betri za manganizi ambazo ni za bei nafuu kuliko za kobalti. Pretoria hiyohiyo ndiko ilikozaliwa betri iitwayo ZEBRA, inayoundwa kwa nikeli na chumvi ya kawaida ya mezani, ikafanya kazi ikiwa na joto la karibu nyuzi 300. Mwafrika amekuwamo kwenye kazi hii tangu mwanzo, tena mahali penye uzito.

Kwa ndugu wa chumvi ya Uvinza na kinywe cha Mahenge: nakuelewa, na mimi niliwahi kufikiri hivyo. Chumvi ya Uvinza imechemshwa kutoka kwenye chemchemi zile kwa karne nyingi, na sodiamu imo. Lakini kwenye betri za sodiamu, zile zinazotumia sodiamu badala ya lithiamu, sodiamu siyo inayoleta ugumu. Ipo kila mahali duniani, kwa bei ya chini, na viwandani huanza na magadi kuliko chumvi. Ugumu uko kwenye usafi na usawa. Kinywe kikitoka mgodini ni vipande bapa. Ili kiingie kwenye betri lazima kisagwe kiwe vijiduara, na katika kukiviringa hivyo kwa njia iliyozoeleka zaidi ya nusu hupotea kama vumbi. Kisha kisafishwe mpaka asilimia 99.95, halafu kivikwe utando mwembamba wa kaboni. Thamani imo kwenye hatua hizo, na hatua hizo zinafanywa na watu waliosomea mambo anayoyauliza huyu kijana. Ndiyo maana sikubali aambiwe asubiri serikali.

Haya, kazi ya kila siku.

Nilianza na maganda ya mise. Wa Kigoma mnajua: mawese yakishakamuliwa inabaki kokwa, akina mama wanazigonga kwa jiwe kupata mise ya mafuta na sabuni, maganda yanatupwa uani au yanaingia jikoni. Mkaa wake ni mgumu na hukaa na moto. Nilikuwa natafuta kaboni ya betri za sodiamu, kwa sababu sodiamu haipendi kinywe. Kinywe kimepangika kama kurasa za daftari jipya, na sodiamu haikai vizuri mle. Inapenda kitu tunachokiita kaboni ngumu, ambayo ni kama karatasi zilizokunjwakunjwa na kurundikwa ovyo, katikati kuna nafasi na vijitundu. Mwaka 2000 Stevens na Dahn, kule Halifax, Kanada, waliitengeneza kwa kuunguza glukosi wakapata karibu miliampia-saa 300 kwa kila gramu, yaani kiasi cha chaji ambacho gramu moja inaweza kubeba. Maganda magumu ya miti na kokwa nayo hutoa kaboni ya namna hiyo. Nikapanda treni Kigoma na gunia dogo la maganda ya mama.

Unayaosha, unayakausha, unayachoma kwanza kwenye joto la nyuzi 500 yawe mkaa, unasaga, unaloweka kwenye asidi ili kutoa majivu ya potasiamu, kalisi na silika, unaosha tena mpaka maji yatoke safi, halafu unaingiza kwenye tanuri la bomba, nyuzi 1300, hewa yote imeondolewa na gesi ya agoni inapita. Unapandisha joto nyuzi tano kwa dakika, siyo zaidi, kwa sababu lile bomba ni la kauri na likishtuliwa linapasuka. Ikitoka, unachanganya unga wako na masizi kidogo na gundi, unapata uji mweusi. Unaupaka kwenye karatasi ya aluminiamu kwa kisu maalumu, unakausha usiku kucha kwenye oveni isiyo na hewa, unakata visahani vya milimita 12. Visahani vinaingia kwenye kisanduku cha glavu kilichojaa agoni, mle ambamo maji na oksijeni havizidi sehemu moja katika milioni. Unaingiza mikono kwenye zile glavu nene, unakata sodiamu kwa kisu kama unavyokata sabuni ya mche, unapanga tabaka kwa tabaka ndani ya kikopo cha umbo la sarafu, unadondosha matone ya elektroliti, unafunga kwa mashine ya kubana. Glavu zikikushinda, kisahani kikasogea nusu milimita, seli imekufa kabla haijazaliwa. Ilinichukua miezi miwili kuzifunga kumi zikapona zote kumi.

Kisha unasubiri. Hili watu hawalisemi vya kutosha. Ukichaji kwa saa kumi na kutoa kwa saa kumi, mzunguko mmoja ni saa 20. Mizunguko 100 ni saa 2,000, yaani siku 83. Swali moja dogo, jibu lake linakuja baada ya miezi mitatu kasoro kidogo. Na mizunguko 100 haimshawishi mtu. Betri ikirudisha asilimia 99.9 ya ilichopewa kila mzunguko, unaona ni nzuri sana, sivyo? Zidisha hivyo mara 1,000, inabaki na asilimia 37. Ikirudisha 99.99 inabaki na 90. Tofauti ya maisha na kifo imejificha kwenye tarakimu ya nne. Kwa hiyo sehemu kubwa ya taaluma hii ni kupima vizuri, na kupima vizuri ndiko kulikoniumiza kuliko kitu kingine chochote.

Mwaka wa pili wa udaktari nilipata miliampia-saa 370 kwa gramu. Wenzangu walikuwa wanapata 300 na ushee kidogo kwa kaboni zao, mimi kaboni ya maganda ya mise ya mama yangu, 370. Seli tatu, zote sawa. Msimamizi wangu alinipa mkono. Tukaandika muhtasari wa utafiti huo kwa ajili ya mkutano wa wanasayansi, ukatumwa, ukakubaliwa. Nilimpigia mama nikamwambia maganda yake yanakwenda kusomwa mbele ya watu. Siku tisa kabla ya mkutano nilikuwa napima visahani vitupu vya aluminiamu kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, nikaona mzani unasoma pungufu ya nusu miligramu kuliko namba iliyo kwenye daftari langu. Nikarudia. Nikachukua kingine. Ilikuwa hivyohivyo. Maabara ilikuwa imefungua robota jipya la karatasi ya aluminiamu, nembo ileile, lakini nyembamba kidogo, na mimi niliendelea kutoa uzito wa ile ya zamani.

Nusu miligramu ni kitu gani? Uji wangu uliokauka kwenye kisahani kimoja ulikuwa na miligramu 2.5. Mimi nilidhani ni 2.0. Ukigawa chaji ileile kwa uzito pungufu, namba inavimba kwa robo nzima. Nikapiga hesabu upya, ikaja 296. Kaboni ya kawaida, nzuri, isiyo na maajabu.

Nilikaa na lile daftari kwenye ngazi za nje mpaka baridi ikanifukuza. Hakuna aliyejua. Seli zilikuwa zimeshafunguliwa, hakuna ambaye angeweza kurudi kuzipima. Asubuhi nilimwonyesha msimamizi visahani, mzani na daftari. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema tuandike kuondoa muhtasari, na tukaandika. Alichonifanyia baadaye ndicho ninachokishukuru: aliniachia mimi kuandika utaratibu mpya wa kupima uzito kwa maabara nzima, kila robota jipya likifunguliwa vipimwe visahani vitupu kumi kwanza. Mdogo wangu, ukiingia kwenye kazi hii siku yako ya 370 itakuja. Namba nzuri kuliko ulivyotarajia ndiyo ya kuichunguza kuliko zote, na uichunguze wewe kabla hujampigia mama.

Shida za nyumbani nazo zipo, nisikufiche. Wakati wa uzamili, kwenye maabara moja hapa nchini, umeme ulikatika usiku tanuri likiwa nyuzi 1300. Joto likaporomoka, bomba likapasuka, hewa ikaingia. Asubuhi nilikuta majivu ya kijivu mahali palipokuwa na kaboni ya wiki tatu. Bomba jipya liliagizwa nje, likafika baada ya miezi minne. Chupa ya agoni ikiisha unaweza kukaa wiki. Sodiamu na elektroliti ni mizigo ya hatari, hazipandishwi ndege ovyo, na msururu wa vibali unachosha. Ile miezi minne niliitumia kujifunza kuandika programu za kompyuta za kuchambua data, na hilo limenisaidia zaidi ya kozi nyingi nilizolipiwa. Ila sisemi kwamba shida ni nzuri. Kijana aliyepewa umeme wa uhakika na agoni ya kutosha anafika mbali kuliko aliyekosa, na wenye dhamana ya maabara zetu wanapaswa kulibeba hilo.

Sasa nirudi kwenye swali la mjomba.

Nilirudi likizo Kigoma nikiwa nimeshamaliza udaktari. Wavuvi wa dagaa wanaovua usiku kwa taa walikuwa wameanza kuachana na karabai za mafuta ya taa, wanatumia taa za LED zenye betri. Kijana mmoja wa Katonga akaniletea pakiti tatu zilizokufa, akaniuliza mbona ameambiwa zinakaa miaka na hazijamaliza mwaka. Nikazifungua mezani kwa mama. Zilikuwa za lithiamu, seli nne zimefuatana kila moja. Ya kwanza utepe wa kuunganisha umeliwa na unyevu ukakatika, seli zenyewe nzima kabisa. Nikauunga, ikawaka. Nililitafakari sana lile: miaka yote ile nimechunguza kaboni, kumbe kilichoiua ni utepe wa chuma wa bei ndogo na kifuniko kisichozuia maji.

Mbili zilizobaki zilikuwa sifuri. Sifuri kabisa, mita haikutikisika. Nikamuuliza anazitunzaje. Akasema, dada, mbalamwezi ikiwaka hatuendi, taa haivuti dagaa, tunazitupa kibandani mpaka giza lirudi. Yaani zinatoka ziwani zimeisha chaji, zinakaa wiki au zaidi bila kuchajiwa, na kile kibao kidogo cha saketi kilichomo ndani kinaendelea kunyonya tone kwa tone. Nikasikia sauti ya mjomba kabisa. Zimelala njaa.

Kwenye betri ya lithiamu njaa inaua kwa njia nyingine. Upande wa kinywe unapakwa kwenye karatasi ya shaba, kwa sababu lithiamu ingeila aluminiamu. Volti ikishuka mno, shaba inaanza kuyeyuka na kuingia kwenye elektroliti. Ukija kuchaji inajipaka mahali pasipo pake, na inaweza kuunganisha pande mbili kwa ndani. Betri ya namna hiyo kuilazimisha kuchaji ni hatari. Sodiamu haili aluminiamu. Kwa hiyo betri ya sodiamu inatumia aluminiamu pande zote mbili, haina shaba ya kuyeyuka, na inaweza kushushwa mpaka sifuri bila msiba ule. Nilikuwa nimelisoma hilo mara nyingi kama sifa ya usafirishaji, kwamba betri zinaweza kupakiwa melini zikiwa tupu. Kwenye meza ya mama ndipo nilipoelewa kwamba ni jibu la swali nililoulizwa kwa simu nikiwa mwaka wa pili.

Tangu hapo nimeacha kufukuzia namba kubwa ya miliampia-saa. Kampuni ya CATL ya China ilipotangaza betri yake ya sodiamu mwaka 2021 walitaja wati-saa 160 kwa kilo, yaani nishati inayobebwa na kila kilo ya betri, ambayo ni chini ya betri nyingi za lithiamu, na kwa gari, hilo ni jambo kubwa. Kwa taa iliyofungwa kwenye kipe, chombo cha wavuvi wa dagaa, si kitu, uzito unabebwa na ziwa. Ninachofanya sasa ni kuzilaza njaa makusudi. Tunatengeneza seli, tunazishusha mpaka sifuri, tunaziacha siku tatu, wiki, mwezi, kwenye joto la kibanda cha bati, kisha tunazichaji tuone. Nyingine zinaamka kama hazikuguswa, nyingine zinaamka zimepungua. Kinachopotea kiko kwenye utando mwembamba unaoota juu ya kaboni tangu chaji ya kwanza, ambao ndio unaoilinda. Ukikaa sifuri muda mrefu unaanza kulika, na kuujenga upya kunakula sodiamu ambayo haitarudi. Kwa nini kwa kaboni hii unalika na kwa ile hauliki ndiyo kazi yangu ya kila siku, na naipenda kiasi kwamba likizo hii nimekuja na daftari zake.

Mjomba bado yupo. Nimemweleza. Kaniuliza bei itakuwaje.

Kuhusu kuishi kwa kazi hii: wengi wetu tumeajiriwa vyuoni, tunafundisha, utafiti unaendeshwa kwa ruzuku za kuomba, na kuomba kwenyewe ni kazi ya nusu ya mwaka. Wapo waliokwenda kwenye migodi, kwenye umeme wa jua, wapo waliobaki nje. Hutatajirika haraka. Na kwa aliyesema ualimu kana kwamba ni adhabu: mimi nafundisha, na mwanafunzi wangu mmoja ndiye aliyegundua kwamba tulikuwa tunaosha kaboni yetu kwa maji yenye kalisi nyingi.

Miezi hii ya kusubiri, fanya hivi. Tafuta fundi wa betri hapo Kasulu, usiende kumfundisha, omba kukaa naye. Tafuta mita na betri moja ya asidi iliyochoka. Ichaji kwenye eneo la wazi, mbali na moto na sigara, maana inatoa hewa inayolipuka, na asidi ivalie miwani. Wakiishiwa maji kwenye seli, angalia kama wanaongeza maji ya betri au asidi. Kuongeza asidi kila mara kunakula mabamba, na ukishauona mwisho wake hutausahau. Ukishachaji iache saa kadhaa, pima volti, andika. Iwashie taa moja unayoijua wati zake, pima kila nusu saa, andika saa, volti na hali ya joto, simama ikifika 11.5 usiinyonye zaidi. Ichaji siku hiyohiyo. Rudia kesho. Chora mistari yote kwenye karatasi moja, utaona jinsi inavyoshuka na wapi inavunjika. Kila ukurasa andika tarehe, mita uliyotumia na nani alikuwepo. Namba ukiikosea ikate kwa mstari mmoja ili isomeke, usiifute.

Ukifika kurasa kumi zipige picha uziweke hapahapa kwenye uzi. Nitazisoma mstari kwa mstari.